Casio CZ-101: kinanda cha funguo ndogo kina nini ndani? Wasomaji wanauliza

Katika toleo lililopita tulitaja kwa mistari michache tu Casio CZ-101, sinthesaiza iliyotoka mwishoni mwa 1984, tukasema kwamba wengi wanaoikuta stoo hudhani ni ya kuchezea watoto. Barua zilizofuata zimetushangaza. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatamfaa hata asiye na kinanda hiki bado. Majina ya vitufe tumeyaacha kama yalivyochapwa kwenye kinanda chenyewe, ili usipotee.

Wahariri, kwaya yetu imeachiwa Casio CZ-101 na mfadhili aliyerudi kwao. Funguo ni ndogo kama za mtoto, hakina midundo, hakina hata spika. Mwenyekiti anataka tukiuze tununue chenye midundo. Mnashauri nini? — Mpiga kinanda wa kwaya, Morogoro

Mwambieni mwenyekiti asubiri kidogo. Kama mnachotaka ni midundo ya kuongoza wimbo, kinanda hiki hakitawapa, na hilo tuliseme wazi. Lakini hakikutengenezwa kwa kazi hiyo. Ni chombo cha kuunda sauti kutoka mwanzo, na kwa kazi hiyo kina uwezo kuliko vinanda vingi vyenye spika na taa za kumetameta.

Kilichokiponza ni jina na umbo. Casio ilijulikana kwa vikokotoo, na ilikuwa imeingia kwenye vinanda mwaka 1980 tu kwa Casiotone 201. Wakati Yamaha DX7 ya 1983 ilikuwa inauzwa Marekani karibu dola 2,000, CZ-101 iliuzwa dola 499. Watu wakaona bei, wakaona funguo 49 nyembamba, wakahukumu. Tena zile sauti 16 za kiwandani hazikuisaidia: nyingi ni nyembamba na zimezeeka vibaya. Mtu akizipitia zote 16 na kukizima, hajakisikia kinanda bado.

Angalieni kilichomo. Kuna mistari miwili ya sauti. Kila mstari una sehemu tatu: DCO inayoshika urefu wa noti, DCW inayoshika ung'avu, na DCA inayoshika nguvu. Kila sehemu ina envelopu yake, yaani ramani ya kupanda na kushuka tangu ufunguo ubonyezwe mpaka sauti ife, na kila envelopu ina hatua 8. Zihesabu: envelopu 6, hatua 48. Sinthesaiza nyingi za enzi hizo zilikupa hatua 4 kwa envelopu, basi.

Kwa kuanzia, chukueni waya wa jeki kubwa kutoka LINE OUT (ni mono, tundu la kutolea sauti ni moja tu) hadi kwenye mikisa. Funguo ndogo zikiwasumbua vidole, pigeni kwa kutumia kinanda kingine chenye MIDI (njia ya vifaa vya muziki kupeana amri kwa waya): waya mmoja kutoka OUT ya kile kikubwa hadi IN ya CZ, mchezo umekwisha. Ukiipenda sana sauti yake, ujue pia kuna CZ-1000, ambayo ni mashine ileile yenye funguo za ukubwa wa kawaida.

Nimejaribu mawimbi yote manane ya DCO, kuanzia msumeno hadi yale ya RESONANCE, lakini sauti haibadiliki. Kila moja inalia kama filimbi. Je, kimekufa? — Fundi wa studio, Eldoret

Hakijafa. DCW yako iko chini, na hilo ndilo kosa la kwanza la karibu kila anayekitengenezea sauti.

Kwenye sinthesaiza za kawaida, wimbi huzaliwa likiwa na makali yote, kisha filta inayakata. CZ inakwenda kinyume. Ndani yake kuna wimbi moja laini la kosaini lililohifadhiwa kwenye jedwali. Ukilisoma kwa mwendo mmoja, unapata mlio laini kama filimbi. Sasa mfikirie mtu anayesoma mstari wa kitabu: nusu ya kwanza anaisoma mbio, nusu ya pili anaivuta, lakini mstari mzima anaumaliza kwa muda uleule. Urefu wa noti haubadiliki kwa sababu muda wa mzunguko ni uleule, ila umbo la wimbi limepinda, na kupinda huko ndiko kunakoleta makali. DCW inaamua upinde kiasi gani. Ikiwa 0, haupindi kabisa, na mawimbi yote manane yanakuwa kitu kimoja.

Basi ingia kwenye DCW ENV ya mstari unaousikia. Hatua ya 1 weka RATE 99, LEVEL 99, na kitufe cha SUSTAIN POINT kifanye kituo, yaani mahali envelopu inapongoja mpaka uachie ufunguo, kiwe hapohapo. Sasa zungusha mawimbi tena. Msumeno utakuwa msumeno. Kwa yale matatu ya RESONANCE, shusha hatua inayofuata polepole, RATE 40 hivi hadi LEVEL 10, uondoe kituo, kisha shikilia noti ya chini: utasikia mluzi ukiteremka ndani ya sauti, kama filta inayofungwa. Hakuna filta pale. Ni wimbi la ndani linaloongezewa na kupunguziwa mwendo huku la nje likibaki palepale.

Jambo moja zaidi kuhusu mawimbi. Kila mstari unaruhusu kuunganisha mawili, nayo hupokezana mzunguko kwa mzunguko: la kwanza, la pili, la kwanza, la pili. Kwa kuwa mchoro unajirudia kila baada ya mizunguko miwili, unapata mlio wa chini kwa oktava moja ukijichomoza. Usishangae besi ikijileta yenyewe. Yale ya RESONANCE hayaungani yenyewe kwa yenyewe. Moja lao lazima lioane na mojawapo ya yale matano ya kwanza.

Nipeni besi. Namba kamili, tafadhali, si maelezo. — Mpigaji, Mwanza

Haya. LINE SELECT weka 1 (utapata noti 8 kwa pamoja, ingawa besi haihitaji). OCTAVE shusha moja. DCO: wimbi la msumeno peke yake, envelopu yake yote LEVEL 0.

DCW: hatua ya 1 RATE 99 LEVEL 85, hatua ya 2 RATE 72 LEVEL 28, hapo weka kituo, hatua ya 3 RATE 65 LEVEL 0, hapo weka mwisho. KEY FOLLOW ya DCW iwe 3.

DCA: hatua ya 1 RATE 99 LEVEL 99, hatua ya 2 RATE 55 LEVEL 80, kituo, hatua ya 3 RATE 78 LEVEL 0, mwisho.

Ukitaka ipige kama kamba inayodonolewa, ongeza DCO: hatua ya 1 RATE 99 LEVEL 20, hatua ya 2 RATE 90 LEVEL 0, mwisho. Noti itaanza juu na kuanguka upesi mno kiasi kwamba sikio halisikii noti mbili, linasikia kidole. Ikisikika kama king'ora, RATE ya hatua ya 2 iko chini.

Kumbuka RATE ni kasi, si muda: 99 ni mbio kuliko zote. Waliozoea vinanda vingine huweka 0 wakitegemea sauti itoke mara moja, kisha wanakaa kusubiri. KEY FOLLOW ya DCW nayo inapunguza makali kadiri unavyopanda juu. Ukiiacha 0, noti za juu za besi hii zitachoma masikio.

Kabla hujatoka kwenye sauti hiyo, ihifadhi. Nyuma ya kinanda kuna swichi ndogo ya PROTECT. Izime kwanza, kisha shikilia WRITE na ubonyeze nafasi unayotaka kwenye kumbukumbu ya ndani. Ukigusa sauti nyingine kabla ya hapo, kazi yako imekwenda na maji.

Mimi hupiga taarab. Kinanda hiki kina sauti nzuri ya kuvuta, lakini sina njia ya kupata Mi ile ya rast (moja ya makamu za Kiarabu), iliyo kati ya Mi na Mi bemoli. Kuna ujanja? — Mpiga kinanda, Unguja

Upo, ingawa hautakupa raha ya fidla. CZ-101 haina jedwali la kubadilisha lahani noti kwa noti, kwa hiyo usilitafute kwenye menyu. Njia ni mbili.

Ya kwanza ni gurudumu la bend. BEND RANGE iweke 1, yaani nusu toni. Ukivuta nusu ya njia kwenda chini umefika robo toni. Tatizo ni kwamba gurudumu linarudi lenyewe na mkono hautui mahali pamoja kila mara. Kwa kupamba inafaa. Kwa noti inayokaa muda mrefu itakuaibisha mbele ya mpiga kanuni.

Ya pili ndiyo tunayoipendekeza. Tengeneza sauti yako, kwa mfano ya kuvuta: LINE SELECT 1+2' (mistari yote miwili pamoja), wimbi la msumeno pande zote, DCW hatua ya 1 RATE 60 LEVEL 68, kituo, DCA hatua ya 1 RATE 64 LEVEL 99, kituo, kisha mwisho kwa RATE 58. Weka VIBRATO yenye DELAY ya 40 hivi ili isianze kutikisika mara tu unapogusa, na PORTAMENTO (noti kuteleza hadi nyingine) fupi, 10 au 15. Sasa nyamazisha mstari wa 1 kabisa kwa kuweka LEVEL 0 kwenye hatua zote za DCA yake. Utasikia mstari wa 2 peke yake, na huo ndio unaotii DETUNE, yaani kusogeza lahani yake juu au chini. Hifadhi kwenye nafasi ya 1 DETUNE ikiwa 0. Kisha ibadilishe: DETUNE upande wa kutoa, FINE 30, uhifadhi kwenye nafasi ya 2. FINE inakwenda hadi 60 kwa karibu nusu toni nzima, hivyo 30 ni takriban robo toni; malizia kwa sikio au kwa programu ya kupimia lahani kwenye simu, maana robo toni ya taarab haikai pale pale kwa kila mwimbaji.

Bonyeza SOLO, ili kinanda kipige noti moja moja. Mkono wa kulia unapiga, wa kushoto unakaa juu ya vitufe vya 1 na 2. Unabadili kwenye mwanya kati ya noti mbili, kamwe si wakati noti inalia. Kwa rast ya Do utahitaji nafasi ya 2 kwenye Mi na Si. Baada ya wiki ya mazoezi kidole kinajua.

Naomba sauti ya kengele, na nyingine ya marimba. — Mwalimu wa muziki, Bukavu

Zote mbili zinatoka kwa RING, tofauti ni namba moja tu. LINE SELECT 1+2', RING iwashwe, mawimbi yoyote na DCW zote 0, maana tunataka milio laini. RING huzidisha mistari miwili, na ukizidisha milio miwili laini unapata jumla na tofauti ya mitetemo yake.

Kwa kengele weka DETUNE oktava 2, noti 6. Mstari wa 2 unakuwa juu mara 5.66, hivyo matokeo ni kama mara 4.66 na 6.66 ya noti ya chini. Namba hizo hazioani na noti, na kutooana huko ndiko sikio linakokuita chuma. Kwa marimba weka oktava 1, noti 7: uwiano ni karibu 3 kamili, matokeo karibu 2 na 4, na hizo zinaoana kabisa. Ndiyo maana mlio unakuwa wa mti. Sauti ikisimama juu mno, shusha OCTAVE.

DCA ya kengele: RATE 99 LEVEL 99, kisha RATE 35 LEVEL 0, bila kituo. Ya marimba: hatua ya pili RATE 68. Ukisahau kuondoa kituo, marimba yako itaimba kama ogani ya kanisa mpaka uachie kidole. Wapo wanaoipenda hivyo.

Nasikia mnaweza kupata mwangwi ndani ya CZ bila kifaa cha nje. Kinanda hiki hakina efekti yoyote, sasa mwangwi unatoka wapi? — Mtayarishaji wa muziki, Dar es Salaam

Hili ndilo swali tulilokuwa tunalisubiri, kwa sababu hapa ndipo kinanda hiki kinapoacha vingine nyuma.

Hatua 8 si za kupamba. Zinatosha kuandika mdundo mzima ndani ya noti moja. Weka DCA hivi, bila kituo popote:

Hatua 1: RATE 99, LEVEL 99
Hatua 2: RATE 66, LEVEL 0
Hatua 3: RATE 99, LEVEL 70
Hatua 4: RATE 63, LEVEL 0
Hatua 5: RATE 99, LEVEL 48
Hatua 6: RATE 60, LEVEL 0
Hatua 7: RATE 99, LEVEL 28
Hatua 8: RATE 55, LEVEL 0, mwisho

Bonyeza noti mara moja na ushikilie: itapiga mara nne ikififia. Ukiachia mapema, huenda usisikie zote, kwa hiyo shikilia.

Mbona RATE za hatua za kushuka hazilingani? Kwa sababu RATE ni kasi ya mwendo, na muda unategemea pia umbali. Kutoka 99 hadi 0 kwa kasi ya 66 ni safari ndefu. Kutoka 28 hadi 0 kwa kasi hiyohiyo ni fupi. Ungeziacha zote 66, kila pigo lingefika mapema kuliko lililotangulia, kama mpira unaodunda sakafuni. (Huo nao ni mlio mzuri, ukiutaka.) Ili mapigo yatoshane, kadiri LEVEL inavyoshuka, RATE nayo ishuke. Namba zetu ni za kuanzia. Washa metronomu na urekebishe moja moja.

Hapohapo kuna mtego unaowaangusha wengi. Mtu anataka mstari wa 2 uanze kuchelewa, ajibu mstari wa 1. Anaweka hatua ya 1 ya mstari wa 2 RATE 30, LEVEL 0, akidhani kinanda kitasubiri. Hakisubiri. Kutoka 0 hadi 0 hakuna umbali, kwa hiyo hatua inapita papo hapo. Ipe hatua hiyo umbali wa kusafiri: RATE ya chini sana, LEVEL ndogo isiyosikika kwenye wimbo, kisha hatua ya 2 iruke hadi 99. Hapo mstari wa 2 utachelewa kweli.

Ukishafika hapo, mlango uko wazi. Mstari wa 1 msumeno, mstari wa 2 RESONANCE, DETUNE noti 7 kwa juu, na kila mmoja na mapigo yake. Noti moja inakuwa wapigaji wawili wanaoitikiana. Chukua envelopu ya DCW uipe mapigo huku DCA ikiwa imetulia, na sauti itakuwa inabonyea bila kukatika. Ipe DCO, na noti itaruka yenyewe ngazi kwa ngazi. Anza na envelopu moja tu. Wakizigusa zote sita kwa siku moja, watu hupata fujo na kukilaumu kinanda.

Niliuziwa adapta dukani nikaambiwa “hii inaingia kila kitu”. Nimeichomeka, kinanda hakiwaki. Betri nimetoa ili zisivuje. Sauti zangu nilizohifadhi nazo zitakuwepo? — Msomaji, Mombasa

Chomoa adapta hiyo sasa hivi kabla ya kusoma zaidi.

CZ-101 inataka volti 9 za umeme wa DC, na ncha ya ndani ya plagi ni hasi, ya nje chanya. Adapta nyingi za jumla huja na ndani chanya. Angalia mchoro mdogo wa alama kando ya tundu la kinanda, ulinganishe na ule wa kwenye adapta, usipofanana, usichomeke. Ile ya asili ya Casio ni AD-5. Kama adapta yako ina plagi inayogeuzwa, igeuze, uipime kwa mita kwanza. Zenye uwezo wa miliampea 850 au zaidi zinatosha. Ikiwa imechomekwa kinyume na sasa hakiwaki hata kwa betri, kipeleke kwa fundi aanze kukagua upande wa kuingilia umeme.

Kuhusu sauti zako, pole: zimeondoka. Kinanda hiki hakina betri ya ndani ya kulinda kumbukumbu. Kinategemea betri 6 kubwa za redio, zile za saizi D (1.5 mara 6, ndizo volti 9 zenyewe), au adapta. Ukikosa vyote viwili, nafasi zako 16 zinafutika. Zile za kiwandani zinabaki.

Kwa hiyo weka betri 6 za alkalini hata kama unatumia umeme, na uziangalie kila baada ya miezi mitatu. Pwani, pamoja na joto na chumvi, betri za bei rahisi huvuja upesi. Ukikuta unga mweupe au wa kijani kwenye chemchemi, futa kwa pamba yenye siki kidogo, kisha kwa spiriti, uache ikauke kabisa. Wakati wa kubadilisha betri, acha adapta sahihi ikiwa imechomekwa na ina umeme.

Nataka kuhifadhi sauti zangu kwenye kompyuta. Nimenunua kebo ya MIDI ya USB, nikaweka programu ya kurekodi sysex (ujumbe wa MIDI unaobeba data ya sauti), lakini nikiomba sauti kutoka CZ sipati kitu. — Msomaji, Toronto

Sababu zinaweza kuwa tatu, na mara nyingi ni zote.

Kwanza, waya. Kichwa kilichoandikwa OUT kwenye kebo za USB ndicho kinachoingia IN ya kinanda, isipokuwa kwenye zile zilizoandikwa kinyume. Badilisha ujaribu, haiharibu kitu.

Pili, mazungumzo. CZ haimwagi data yote kwa mkupuo ukiiomba. Inajibu kwanza, inangoja iitikiwe, ndipo inaendelea. Programu ya kawaida ya kurekodi haijui kuitikia, kwa hiyo kinanda kinangoja hadi kinachoka. Tafuta programu inayoitambua CZ kwa jina.

Tatu, kebo rahisi zenyewe zina akiba ndogo ya kupitishia data na hukata ujumbe mrefu. Sauti moja ya CZ-101 ni baiti 128, lakini husafirishwa nusu nusu kama 256, na pamoja na kichwa na mkia faili inakuwa baiti 264 hivi. Hicho ndicho kipimo chako: faili ikija chini ya hapo kwa mbali, imekatika. Sauti ukiipeleka kutoka kompyuta kwenda eneo la muda la kinanda, utaisikia, lakini haijahifadhiwa mpaka uitie kwa WRITE.

Je, ni kweli CZ-101 inaweza kupiga sauti nne tofauti kwa wakati mmoja? — Mpenzi wa muziki, Muscat

Ni kweli, na kwa bei yake mwaka 1984 lilikuwa jambo la ajabu. Bonyeza SOLO, ingia MIDI, weka chaneli ya msingi iwe 1, na uruhusu PROGRAM CHANGE. Sasa kinanda kinasikiliza chaneli 1, 2, 3 na 4, kila moja ikipiga noti moja moja kwa sauti yake. Kutoka kompyuta, sauti za kiwandani ni namba 0 hadi 15, za kumbukumbu ya ndani 32 hadi 47, za kadi 64 hadi 79. Programu zinazohesabu kuanzia 1 zitakulazimu uongeze moja.

Besi kwenye 1, marimba kwenye 2, mvuto kwenye 3, na kwenye 4 ngoma: mlio laini wenye DCO inayoanguka kutoka LEVEL 60 hadi 0 kwa RATE 80. Yote yanatokea kwenye waya mmoja, kwa hiyo uwiano wa nguvu unaupanga kwenye DCA za sauti zenyewe, si kwenye mikisa. Na usitegemee kubonyeza kwa nguvu kubadilishe chochote. CZ-101 haisikii nguvu ya kidole wala kupitia MIDI. Kwa hilo uitafute CZ-1 ya 1986.

Funguo tano za kati hazilii mpaka nizikandamize sana. Nipulizie mafuta ya kulainisha? — Msomaji, Kigoma

Hapana! Mafuta yatabeba vumbi na kuharibu mpira. Chini ya funguo kuna vibonye vya mpira vyenye doa jeusi la kaboni linalogusa ubao. Vumbi likiingia kati, ufunguo unakuwa bubu.

Hifadhi sauti zako kwanza kwenye kompyuta au kadi, maana ukitoa betri zitafutika. Toa umeme na betri, geuza kinanda juu ya kitambaa laini, fungua skrubu za chini na uziweke kwa mpangilio ulizotolewa, maana urefu haulingani. Inua polepole, nyaya bapa za ndani hazipendi kuvutwa. Ondoa ukanda wa mpira, futa madoa meusi kwa pamba ya masikioni yenye spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, mguso mmoja mmoja, bila kusugua. Kaboni ikitoka hairudi. Futa na ubao kwa njia hiyohiyo. Ngoja dakika 20, rudisha, na jaribu kila ufunguo kabla ya kufunga skrubu ya mwisho. Pua ya mpira isiyokaa kwenye tundu lake ndiyo hufanya ufunguo uliokuwa mzima ugome baada ya usafi.